Igizo Lisilo na R

Haya nyie, wa nyuma sogeeni mbele, wa mbele zimeni simu, na yule anayetafuna karanga amalize au agawe. Shikamoo zenu nimezisikia zote. Marahaba. Marahaba tena. Marahaba ya tatu hii ni ya akiba. Msinitazame kama nimekunywa kitu. Kuna kipindi hilo neno lilinikataa miezi miwili mizima, na ndiyo habari yenyewe niliyokuja nayo leo.

Kiongozi wenu kaniambia, "Mzee Vina, waeleze vijana siri za kutunga maneno ya nyimbo za maigizo." Siri ziko mbili. Ya kwanza nimeisahau. Ya pili ni kwamba katika kazi hii hakuna anayekuona. Anayeimba anapigiwa makofi, mpiga ngoma anapigiwa makofi, hata mfungua pazia nimeona akipigiwa makofi siku pazia lilipomwangukia. Mtunga maneno wewe uko nyuma huko, unahesabu silabi kwa vidole vya miguu maana vya mikono vimeisha.

Jina langu ni Rajabu, mtu wa Busi kule Kondoa, lakini hapa Makole Vina ndiyo jina. Shule sikusoma. Si kwamba nilifukuzwa, maana kufukuzwa lazima kwanza uingie. Mimi nilipita nje ya dirisha la darasa nikichunga mbuzi, na kuna mbuzi mmoja alinizidi elimu, yeye alikula daftari zima la hesabu.

Sasa mtu asiyejua kuandika anatungaje? Anatunga kwa mdomo na masikio. Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi nyuma ya mashine ya kusaga, hapa hapa Makole. Mashine ile ilikuwa na mapigo yake, tuku-tuku-taa, tuku-tuku-taa. Nikikwama naenda kusimama dirishani kwa msagaji, maneno yanajipanga yenyewe kama watu wa foleni. Ndiyo maana nyimbo zangu za mwanzo zote zina mwendo wa kusaga uwele. Ukizisikiliza mbili mfululizo unasikia njaa.

Na ndivyo nilivyoharibu msiba. Nilitunga wimbo wa kilio, igizo lina maiti, wanawake wamekaa chini, mambo mazito. Lakini niliutunga kwa msagaji. Ngoma ilipoingia, tuku-tuku-taa, waombolezaji wakaanza kutikisa mabega. Watazamaji wakaanza kutikisa mabega. Nikasema moyoni, Mungu wangu, angalau maiti atulie. Nikatazama chini ya shuka, kidole gumba cha mguu kinacheza. Mpaka kesho yule bwana akinikuta sokoni ananinyooshea kidole gumba cha mguu.

Aliyeniokoa na mashine ni Mzee Ndahani, mpiga ngoma wetu, Mgogo wa Chamwino. Mtu wa maneno machache, mke wake siku nyingine alikuwa anadhani amehama. Ukimkuta na sentensi mbili siku moja, ujue kesho atanyamaza kufidia. Siku ile ya maiti alinivuta pembeni.

"Lajabu," akasema. Mimi kwake ni Lajabu, R kwa Mzee Ndahani haipo, na haitafutwi. "Sikiliza kwanza ngoma inataka kusema nini. Halafu ndiyo uongee."

Baadaye akanipa la pili: mstari mrefu uishie mdomo ukiwa wazi. Yaani neno la mwisho, lile mwimbaji analishika mpaka pumzi iishe, liwe na A au O mwishoni. Ukimpa I au U mdomo unabana, sauti inafika mstari wa tatu inakaa chini. Nikamwambia, "Mzee, lakini hapa Dodoma kiangazi mdomo ukiwa wazi unajaa vumbi." Na si uongo. Nimewahi kuona mwimbaji ameshika A moja uwanjani upepo ukivuma, alipoifunga alikuwa na udongo wa kutosha kusiriba jiko. Mzee Ndahani akafikiri. Akasema, "Basi mtungie wimbo. Halafu mpelekee maji."

Hayo mawili ndiyo masomo yangu yote. Nyie leo mnaandika neno kwenye simu, simu inawaletea vina ishirini. Sawa. Lakini kumi na tisa kati ya hivyo havijawahi kupita kwenye mdomo wa mtu mwenye meno. Vijaribuni kwanza. Vitafuneni. Mimi nilikuwa nasema mstari mmoja njia nzima mpaka bombani, kina mama wanajua kabisa leo Vina ana wimbo wa ng'ombe, jana alikuwa na wimbo wa talaka.

Sasa tumfikie Nyemo.

Nyemo alikuwa mwimbaji wetu wa mbele, naye wa Chamwino. Sauti yake sijui nikwambieni nini. Akiimba hapa Makole, kuku wa Chamwino wanarudi bandani wakidhani wameitwa. Na kabla hamjaanza kunong'onezana, hapana, hakuwa mchumba wangu. Mimi nilikuwa na Mama Asha wangu, na yeye alikuwa na mume, fundi baiskeli mwenye viganja kama makasia ya ugali. Tulikuwa watu wa kazi. Mimi natunga, yeye anaandika kwenye daftari kwa sababu alifika darasa la saba, halafu anaimba. Alikuwa kalamu yangu na mdomo wangu. Mimi nilichobakiwa nacho ni majivuno.

Na nilijivunia nini? R. Sisi wa Busi R tunayo. R ya Busi inanguruma kama pikipiki inapanda mlima na gunia mbili nyuma. Nyemo, kama ndugu zake wengi wa huku, R ikifika mdomoni inageuka L, inapita zake kwa amani. Karibu ni kalibu, rudi ni ludi. Mzee Ndahani hakuwa hata anaitaja hiyo herufi kwa jina, aliiita "ile ya Busi inayonguluma."

Nililijua hilo miaka yote. Na bado nikafanya nilichofanya.

Tulikuwa na igizo la binti ambaye mjomba wake amekula mahari yote, wakwe wanataka ng'ombe zao, ndoa inavunjika. Huzuni tupu. Mimi nikatunga wimbo wa kilele, mwepesi kabisa, nikausifu mwenyewe: "Mahari yangu, mahari yangu, mahari yangu iko wapi?" Na tukaupeleka wapi? Busi. Kwetu. Shangazi zangu wote mbele, wameleta na majirani waone kijana wao alivyokuwa mtu.

Nyemo akapiga magoti katikati. Akafunga macho. Machozi ya kweli yanatoka, hakuwa anapaka mate kama waigizaji wengine ninaowajua, mmoja wao mimi. Akafungua mdomo:

"Mahali yangu, mahali yangu, mahali yangu iko wapi?"

Halafu bibi mmoja mbele, mtu mzima mwenye huruma zake, akajibu kwa upole, "Uko Busi, mwanangu. Umepotea?"

Mwenzake akamwambia, "Muulize anatafuta kwa nani."

Na bwana mmoja kule nyuma akasimama kabisa, kavaa na kofia yake, akasema yeye anaelekea njia kuu, binti akitaka atamsindikiza.

Jamani. Watu walicheka mpaka mbuzi wakakata kamba. Mjomba mla mahari alikuwa anacheka, wakwe wanacheka, shangazi yangu kacheka mpaka akaomba maji. Nyemo alibaki magotini akaumaliza wimbo wote, beti zote nne, kila ubeti una mahari tatu. Hakuruka hata moja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, natamani lile pazia liniangukie.

Baadaye nilimkuta amekaa juu ya sanduku la mavazi. Hakuwa analia. Nikaanza, "Dada Nyemo, pole, watu wa kwetu hawana..."

"Ulijua," akasema.

"Nilijua nini?"

"Ulimi wangu uliujua. Fundi nguo akitaka kukushonea anakupima kiuno. Wewe umenishonea wimbo hujanipima mdomo."

Vijana, hiyo nilipewa bure na mtu niliyemuaibisha, na mimi nawapa bure. Kosa halikuwa la Nyemo hata robo. Anayeimba ndiye kiuno. Ukimshonea suruali isiyopita, usiyacheke mapaja yake.

Tatizo, mwongozaji wetu hakuliona hivyo. Bwana Fadhili alisomea mambo haya chuoni, ana miwani, na kila baada ya maneno matatu anasema "kisanaa." Akatuita wote ukumbini. Akasema baada ya miezi miwili na nusu tunaonyesha Chamwino, uwanjani, na watakuja watu wa maofisini, watu wa mikoa yote waliohamia huku. Igizo la vichekesho anayetaka akatafute kwingine.

"Kwa hiyo kisanaa naweka sheria moja," akasema. "Watu wakicheka pasipotakiwa kuchekwa, aliyechekwa anarudi nyuma kwenye kiitikio. Na hatoki huko."

Hakumtazama mtu. Hakuwa na haja. Sisi wote tulimtazama Nyemo kwa niaba yake.

Jioni ile Nyemo alinifuata kwa msagaji. Akasema, "Kaka Vina, wewe unaona ni kiitikio tu. Mimi shangazi yangu Chamwino aliniambia kuimba ni kazi ya asiye na jembe. Siku ile atakuwa amekaa mbele. Nikichekwa pale, siludi kwenye kiitikio. Naludi kupalilia mtama wake, na kila tuta atanikumbusha."

Nikamwambia usiwe na wasiwasi, R nitakufundisha. Nani mwalimu wa R kama si mimi? Tukakaa wiki nzima nyuma ya mashine. "Peleka ulimi juu, nyuma ya meno, usiukaze, pumua, ungurume kama pikipiki." Nyemo anapumua. Mimi nalowa. "Tena." Nalowa tena. Siku ya nne nilikuja na taulo. Siku ya saba akafuta mdomo akasema, "Kaka Vina, pikipiki hii haina mafuta."

Ndipo nikapata wazo ambalo mtu mwenye shule asingelipata, maana angejua ukubwa wake. Nikasema, kama R haiji kwa Nyemo, basi tunaiondoa R kwenye Kiswahili.

Igizo zima. Nyimbo tisa na maneno ya katikati. Igizo la posa, mtu anaozwa kwa kijana asiyemjua moyo, na ndani yake isipatikane R hata ya dawa. Bwana Fadhili alikubali, nadhani kwa sababu alitaka kuona nikishindwa.

Nyie jaribuni. Harusi ina R. Mahari ina R. Sherehe, gharama, furaha, bibi harusi, bwana harusi, zote. Nikachambua mpaka usiku wa manane, nikagundua kitu: mapenzi hayana R. Moyo hauna. Busu halina. R zinaanza kuingia pale ndugu wanapokaa kikao. Tafakarini wenyewe.

Na hii ni Dodoma, wageni ni watu wa maofisini. Utawasifuje bila kusema serikali? Waziri ana R. Mkurugenzi ana R. Nikawaita "wenye nchi," nikawaita "wakubwa wa majengo yale." Bahati Chamwino haina R, Makole haina, Dodoma yenyewe haina. Wagogo waliuona huu mtego mapema, wakaipa miji yao majina kwa tahadhari. Ni sisi tu Warangi tuliojitia R mpaka kwenye jina la kabila.

Mimi kusoma sijui, kwa hiyo R nilikuwa naiwinda kwa sikio. Kwangu ilikuwa kama punje ya mchanga ndani ya mlenda, jicho halioni lakini jino linajua. Natamka, Nyemo anaandika, jino likigonga tunasimama. Wimbo mkuu uliniumiza kichwa siku nane. Binti anamwambia kijana, ng'ombe nimewaona, wewe mwenyewe je? Mwisho nilikuwa nimeweka "nao nausubiri." Tamu, lakini R hiyo hapo imekaa. Nikalala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo bombani, mpaka mama mmoja mwenye ndoo akachoka kunisikia akasema, "Si useme unangojea, tukae kimya." Nikarudi mbio:

Ng'ombe wamefika, kengele zalia,
Baba kapokea, mama akalia,
Na wewe mpenzi nakuangalia:
Moyo uko wapi, nao nangojea?

Mmeona? Nausubiri inabana mdomo mwishoni. Nangojea inauacha wazi. Mzee Ndahani alikuwa amenifundisha hilo kitambo, na mimi nimelala juu yake mpaka R iliponiamsha. Ukinyang'anywa neno unalolipenda usilie sana. Mara nyingi lilikuwa limekalia kiti cha mwenzake.

Lakini kosa langu lilikuja hapa. Ili sikio lisizembee, nikaamua kuishi bila R. Si kwenye daftari tu. Nyumbani, sokoni, njiani. Kwenye sala niliisimamisha hiyo sheria, huko sikuthubutu. Kwingine kote, miezi miwili, R marufuku. Hata neno marufuku lilikuwa marufuku.

Chai ya kwanza tu asubuhi, Mama Asha kauliza, "Unataka chai?"

"Ndiyo."

"Na nini?"

"Na ile nyeupe tamu."

"Maziwa?"

"Siyo. Ile ya chenga chenga."

"Chumvi?"

"Mama Asha, ile inayotoka kwenye miwa."

"Baba Asha, kama unataka sukari sema sukari, mimi si wa kutegewa vitendawili na moshi huu."

Nikanywa hivyo hivyo, miezi miwili. Meno yangu mnayoyaona haya ndiyo yaliponea hapo. Dukani kiberiti ni "kile cha kuwashia moto," nikapewa tochi, nikapewa mafuta ya taa, nikapewa na pole. Jina langu mwenyewe sikuweza kulisema. Mstari una R, shairi lina R, mtu akiniuliza kazi yangu nasema "napanga maneno yawe mazuri," ananitazama kama vile... sasa mazuri yenyewe si ina R? Mnaona. Yalinitoroka hivyo, nikajipiga kofi la mdomo mbele ya watu.

Kubwa kuliko yote ni marahaba. Watoto wa Makole wana adabu, hilo ndilo lilikuwa janga. Natoka mlangoni, "Shikamoo Mzee Vina." Nafanyaje? Natikisa kichwa. "Shikamoo babu." Natikisa kichwa. Kufika msikitini shingo inauma. Wiki ya pili mtaa mzima unasema Vina amepata cheo, haitikii shikamoo za watoto. Mjumbe wetu wa mtaa akaja mwenyewe, akakaa, akakohoa.

"Mzee Vina, kuna mtu amekuudhi?"

"Hapana."

"Maana watoto wanasema huwaitikii."

"Ni ulimi," nikasema. "Una kazi."

Akaelewa ulimi unaumwa. Kesho yake mtaa wote umeniletea limau na asali. Nikanywa asali kwenye chai, nikashukuru kwa kutikisa kichwa.

Nyemo alikuwa ananiangalia tu. Siku moja akauliza, "Na wewe kaka, yako umeifungia wapi?"

"Ipo," nikasema. "Imetulia."

Sasa, majivuno. Igizo lilikuwa na mshenga, mjumbe anayepeleka posa, na hakukuwa na mtu wa kumcheza. Nikasema nitacheza mimi. Na kwa kuwa mimi si mwenye tatizo, nikajitungia sentensi moja, moja tu, ya kuwaonyesha watu wa maofisini kwamba R tunayo, tumeiweka kando kwa hiari. Hii hapa: "Mimi mjumbe wa heri, nimekuja kwa barabara ya vumbi, nawaletea habari ya furaha." R tano. Nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kwa raha zangu.

Mzee Ndahani, ambaye alikuwa anacheza baba wa binti huku ngoma ameibana magotini, alinisikia nikimwambia Bwana Fadhili. Akasema, "Lajabu, iigize hata kidogo kwenye mazoezi."

Nikamwambia, "Mzee, hiyo naiweka ya siku yenyewe. Ile ya Busi haihitaji mazoezi."

Akanitazama. "Hata ngozi ya ngoma nikiitundika wiki mbili inalegea," akasema, na hiyo ilikuwa ya wiki nzima.

Siku ikafika. Chamwino, saa kumi jioni, upepo uko kazini kama umeajiriwa. Watu wa maofisini kwenye viti vya plastiki, wenyeji wamesimama, na mbele kabisa shangazi yake Nyemo, amekuja na kigoda chake mwenyewe na uso ambao haujapanga kufurahi. Bwana Fadhili pembeni ya jukwaa, mikono kifuani, anasubiri kicheko.

Nyemo akaingia na khanga kichwani. Wimbo wa kwanza, hakuna kicheko. Wa pili, hakuna. Maneno yalikuwa yanatoka mdomoni kwake kama maji kwenye bomba jipya, hakuna linalogonga. Nilikuwa nimempima mdomo safari hii. Alipofika "moyo uko wapi, nao nangojea," ile A ya mwisho aliishika, akaishika, upepo wenyewe ukapisha. Nikamwangalia shangazi. Shangazi alikuwa amekunja uso vilevile, lakini ncha ya khanga iko jichoni, na hakuwa anatoa vumbi.

Basi imebaki posa. Nyemo amekaa mkekani amejifunika khanga mpaka usoni, kama binti wa kuposwa. Mzee Ndahani amekaa kwenye kiti cha baba. Mshenga nikaingia, kanzu safi, bakora, kifua mbele. Nikasimama katikati. Nikasubiri kimya kiive. Nikapeleka ulimi juu, nyuma ya meno, nikaita pikipiki yangu.

"Mimi mjumbe wa heli," nikasema.

Nikajisikia. Nikasema hapana, hiyo imeteleza, zimebaki nne. Nikakaza.

"Nimekuja kwa balabala ya vumbi."

Jasho. Ulimi niliupeleka juu, ukashuka wenyewe, umezoea kukaa. Miezi miwili, wanangu. Na sentensi ikiisha kuanza hairudi.

"Nawaletea habali ya fulaha."

Mtu mmoja alitoa mlio puani. Halafu Chamwino nzima ikalipuka. Wale wenyeji wananijua, miaka yote nilikuwa nawatania kwa R yangu. Mama mmoja akapaza sauti, "Mpeni uji, amekuwa wa kwetu." Watu wa maofisini wameinama kwenye viti vya plastiki, kiti kimoja kimevunjika. Shangazi, yule wa uso wa mawe, amejishika mbavu, kigoda kinacheza chini yake.

Mimi sikucheka. Niliiona sheria. Wamecheka pasipotakiwa. Nikageuka kwa Bwana Fadhili, naye ameshanyoosha mkono, kidole kimeelekea nyuma, kwenye kiitikio. Nikajua nimemmaliza Nyemo mara ya pili, tena kwao, mbele ya shangazi. Nikataka kupiga magoti kumwombea.

Halafu nikakifuata kile kidole vizuri. Kidole hakikuwa kwa Nyemo. Aliyechekwa anarudi nyuma, ndiyo sheria, na aliyechekwa alikuwa amesimama katikati na kanzu na bakora.

Nikaenda. Ningefanyaje? Igizo katikati, mshenga nikaigeuza bakora, nikapita mbele ya mkeka wa binti, nikaenda kujipanga nyuma na waitikiaji, wakanisogezea nafasi. Ndiko nilikobaki mpaka nastaafu, na Nyemo mbele pale pale. Lakini dakika ile jukwaa lilibaki wazi. Posa haina mjumbe. Watu wanafuta machozi wanangoja, hakuna aliyejua kinachofuata, maana aliyekitunga alikuwa amejificha nyuma ya mwanamke mnene wa sauti ya pili.

Mzee Ndahani akapiga ngoma mara moja. Akainama kwa binti yake, akauliza polepole, uwanja mzima unasikia:

"Mwanangu, mshenga amekimbia. Na ile ya Busi inayonguluma, ameiacha wapi?"

Nyemo akafunua khanga usoni. Akanitafuta kule nyuma mpaka akaniona. Akapeleka ulimi juu, nyuma ya meno, hakuukaza, akapumua, na pikipiki ikawaka, ikapanda mlima na gunia zake mbili:

"Ameitoa maharrri, baba."